Ukinifuata Halikamuki

Pale mtaani kulikuwa na madobi wengine, lakini ukitaka kufuliwa blanketi ulielekezwa uani kwa Shangazi. Hao wengine waliyaogopa mablanketi, na huwezi kuwalaumu. Blanketi la sufu likishakunywa maji hugeuka mtu mzima aliyenuna: halinyanyuki, halisogei, na ukilibembeleza linakulowesha mpaka kiunoni. Shangazi alikuwa ameyazoea. Alikuwa na hodhi la saruji alilojengewa na marehemu mumewe, fundi mwashi, pana la kutosha watu wawili kusimama ndani yake. Humo aliyakanyaga kwa miguu huku akiimba nyimbo za kumsifu Mungu kwa sauti ya chini, za polepole kwa mablanketi mazito na za haraka kwa mepesi. Zamani walikuwa wakikamua wawili, yeye na mumewe, kila mtu na ncha yake. Mzee alipoaga dunia, Shangazi alipigilia kulabu ya chuma kwenye nguzo ya uani, akawa analipachika blanketi upande mmoja na kulisokota kwa upande wa pili. Kulabu ilifanya kazi vizuri. Haikumtania wala haikumuuliza mchana watakula nini, lakini kazi ilifanya.

Huko ndiko alikoletewa Sindano.

Sindano alikuwa binti wa kaka yake. Jina alipewa utotoni kwa wembamba wake, na alipokua akawa fundi cherehani jina likamkaa kama limeshonwa. Alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya kushona sare, ghorofani, mpaka siku moto ulipowaka chini kwenye stoo ya vitambaa. Mafundi wote walikimbilia ngazi. Ndani ya moshi ule Sindano alikuwa amemshika mkono shoga yake, aliyekuwa akikaa kwenye cherehani ya jirani, na mikono yote miwili imelowa jasho. Mahali fulani katikati ya ngazi mkono ukateleza. Sindano alijikuta nje kwa kusukumwa na watu. Shoga yake hakutoka.

Tangu hapo Sindano alikula akipewa, alioga akiambiwa, alijibu akiulizwa. Mwilini hakuwa na kidonda cha kuonekana. Ila mikono yake aliificha kwapani mchana kutwa kama mtu anayesikia baridi, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Ukimpa mkono wa salamu aliinamisha kichwa. Ukimpa kikombe, ulikiweka mezani kwanza, ukarudi nyuma, ndipo akakichukua.

Alikuwa na mtoto wa kike, bado mdogo, aliyeitwa Kijiko kwa sababu hakuna sufuria iliyofunuliwa mtaani bila yeye kuwepo. Kijiko alikuwa akilelewa na bibi yake, mama yake Sindano, ambaye kwa Shangazi alikuwa wifi. Kila alasiri wifi mtu alimleta mtoto amwone mama yake. Kijiko alinyoosha mkono, akangoja, na mama yake akamwinamia akambusu utosini, mikono i palepale kwapani. Mtoto hakulia. Alizoea haraka, na hilo ndilo lililomuuma Shangazi kuliko machozi. Akiulizwa na watoto wenzake, alieleza kwa utulivu kama mtu anayetoa habari za mgonjwa, kwamba mikono ya mama imelala.

Sasa wifi alikuwa anahama. Dada yake alikuwa amepooza huko mji mwingine, naye alikuwa akiondoka kumuuguza shule zikikaribia kufunguliwa. Kijiko naye alikuwa ameshapata nafasi ya chekechea, ng'ambo ya barabara kuu, ile ya malori. Jikoni, huku akichambua mchele, wifi alisema wazi. Kama Sindano hawezi kumshika mtoto wake mkono kumvusha barabara, basi mtoto anaondoka na bibi yake.

Shangazi akasema atamvusha yeye.

"Na nyonga hiyo?" wifi akamuuliza. "Lori litakuwa limefika kwao na wewe bado uko katikati ya lami. Halafu, wifi yangu, leo utamvusha wewe, kesho atavushwa na fundi viatu, keshokutwa na mpita njia. Mtoto ana mama."

Wifi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alimpenda mjukuu wake kwa akili timamu.

Kwenye zahanati kulikuwa na mshauri, dada kijana aliyesuka nywele vizuri na mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Sindano alikuwa akienda kwake, na siku moja Shangazi naye akaitwa. Mshauri aliwakalisha kwenye mkeka badala ya viti. Alimweleza Shangazi kwamba Sindano akilini anajua moto umekwisha, lakini mwili wake haujapata habari hizo. Mwili bado uko kwenye ngazi. Na mwili hausikii maneno, hata yawe matamu namna gani. Husikia maji, husikia ardhi chini ya nyayo, harufu, wimbo, uzito wa kitu mkononi. Akamuuliza nyumbani kuna kazi gani ambayo mwili mzima unaingia.

Shangazi akasema nyumbani kuna mablanketi.

Mshauri alifurahi mpaka akainuka kwa magoti pale mkekani. Akasema hilo ni jambo jema sana, aanze taratibu, kwanza miguu, mikono itakuja ikitaka. Kisha akasema maneno ambayo Shangazi aliyashika kama amri za Mungu.

"Usimvute. Usimlazimishe. Mfuate yeye."

Shangazi hakuwa mtu wa kuchukua neno nusu. Aliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuifungia pasi ya mkaa kabatini, kwa sababu alikuwa ameona jinsi Sindano anavyobana pumzi makaa yanapoanza kunuka. Nguo za wateja zikaanza kurudi safi lakini zimejikunja. Fundi viatu, mjane mwenzake aliyekuwa na kibanda chake mlangoni pa uani, alikwenda ibadani na shati ambalo alisema limezeeka kumshinda yeye, na kwamba waumini wamemuuliza kama alilala nalo. Shangazi alimjibu kwamba Mungu hatazami mikunjo. Fundi akasema Mungu hatazami, ila mama mchungaji ametazama ibada nzima.

Maji ya moto nayo aliyaacha. Mablanketi akawa anayaroweka kwa maji baridi tangu jioni, ili pasiwe na moto wala mvuke uani.

Asubuhi ya kwanza Sindano alisimama tu pembeni ya hodhi. Shangazi alikanyaga, akaimba, hakumwita. Alisimama pale kwa asubuhi kadhaa, na Shangazi akawa anamwachia nafasi ndani ya hodhi kama mtu anayemwachia mgeni kiti. Kisha siku moja, katikati ya wimbo, Shangazi aliona mguu mwembamba unaingia kwenye povu, ukasita, ukafuatwa na wa pili. Maji yalikuwa baridi ya kukata, na Sindano alivuta pumzi kwa kishindo. Shangazi alimsikia. Ilikuwa pumzi ya kwanza iliyoshuka mpaka tumboni tangu binti afike pale.

Wakakanyaga. Sindano alipokwenda haraka, Shangazi alikwenda haraka. Sindano aliposimama, Shangazi alisimama. Sindano aligeukia ukuta, Shangazi naye akautazama ukuta, ingawa haukuwa na la kutazama. Fundi viatu aliwaona, akauliza kama wanacheza gwaride.

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Sindano akajifunza kusikia kwa nyayo ni wapi uchafu umebaki, kwa sababu sufu yenye uchafu huteleza na sufu iliyotakata hukwaruza. Alianza kuunguruma nyimbo za Shangazi bila maneno. Alasiri alilala kwenye jamvi, akalala kweli, hata gari lilipopiga honi barabarani hakuruka. Shangazi alimshukuru Mungu kwa kila hatua, kimyakimya, asije akaisemea kwa sauti ikakimbia. Lakini macho yake yalibaki palepale kwenye mikono. Ilikuwa imetoka kwapani, ndiyo, ikaanza kushika kingo za hodhi, ikashika kipande cha sabuni, ikakamua taulo. Kushika vitu ilishika. Mtu, hapana. Na wifi alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

Siku hiyo waliletewa blanketi kubwa la chumba cha mbele cha nyumba ya wageni, la rangi ya udongo, zito kuliko yote. Shangazi alitaka kulipachika kwenye kulabu kama kawaida. Sindano akafika akashika ncha ya upande wa pili, bila kuambiwa.

Shangazi aliiacha kulabu. Hakutaka kuharibu kitu. Wakasimama wakitazamana uani, blanketi likining'inia katikati yao kama ng'ombe aliyezimia, na Sindano akaanza kusokota. Shangazi aliitazama mikono ya binti, akakumbuka amri aliyopewa, akaifuata. Ilipokwenda huku, naye akaenda hukohuko. Blanketi likazunguka, likazunguka tena, zima zima, kama mwiko mikononi mwa mpishi. Tone halikudondoka.

Sindano akabadili upande. Shangazi naye upesi akabadili.

Blanketi likazunguka kurudi lilikotoka.

Huyu ni mwanamke aliyekamua mablanketi maisha yake yote ya utu uzima. Mikono yake ilijua vizuri kwamba watu wawili wakitazamana, kila mmoja akisokota kulia kwake, ndipo sufu hujibana na maji yakakimbia. Lakini siku hiyo aliikataza mikono yake kujua. Alimfuata mtoto wa kaka yake kwa utii wote aliokuwa nao, jasho likimtoka, na kutoka mlangoni fundi viatu aliweka nyundo yake chini ili atazame vizuri.

Sindano akaacha kusokota. Alimtazama shangazi yake usoni, na kwenye pembe ya mdomo wake kitu kikatikisika.

"Shangazi," akasema, "ukinifuata halikamuki."

"Nimeambiwa nisikuvute, mwanangu."

"Basi usinivute mimi. Livute blanketi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima, tena yenye utani ndani yake. Shangazi alipanua miguu. Wakaanza upya, kila mmoja na upande wake, na blanketi likakaza. Likawa gumu kama kamba ya kuvutia gari. Maji yakaanza kwa matone, yakaja kwa michirizi, kisha yakabubujika juu ya nyayo zao. Shangazi alisikia nguvu za binti zikimjia kupitia sufu, nguvu ambazo hakujua zingali zipo ndani ya kile kiwiliwili chembamba. Sindano aliuma meno. Alivuta kama mtu mwenye ugomvi na kitu, na Shangazi alimpa cha kugombana nacho, akabaki imara, hakulegeza.

Sabuni ilikuwa haijaisha yote kwenye ile ncha. Blanketi likamchomoka Sindano mikononi.

Shangazi alikwenda kinyumenyume na blanketi lake, akatua kwa makalio kwenye tope chini ya bomba.

Alipoinua macho aliona kwamba Sindano hayupo. Alikuwa amesimama palepale, mikono wazi mbele yake, vidole vimetanuka, lakini uso ulikuwa umekwenda kule kwenye ngazi. Midomo ilikuwa myeupe. Fundi viatu alianza kuinuka kuja kusaidia, na Shangazi akamzuia kwa jicho.

Alitaka kumwambia binti maneno yote mazuri anayoyajua, na ya kwenye sala pia. Akakumbuka kwamba mwili hausikii maneno. Akainua mkono wake wa kulia, umejaa tope na povu, akauacha hewani. Hakuusogeza zaidi.

"Umeteleza," akasema. "Umeteleza tu. Na mimi nipo, Sindano, nitazame. Nipo hapa kwenye tope kama kiboko."

Vidole vya Sindano vilibaki vimetanuka.

"Nyonga hii hainyanyuki yenyewe. Nitakungoja mpaka uwe tayari. Ila ujue maji yananiingia."

Akangoja. Bomba lilidondosha matone. Sufu ilikuwa ikinywa upya tope lote walilokuwa wamelitoa, na Shangazi aliliona hilo na akaliacha. Kisha macho ya Sindano yakarudi taratibu, yakaanzia miguuni pa Shangazi, yakapanda kwenye gauni lililochafuka, yakafika kwenye ule mkono. Akasogea. Akaushika.

Ukateleza.

Shangazi alisikia vidole vikimtoka. Lakini mkono wa Sindano ulirudi. Safari hii haukushika kiganja, ulishika juu zaidi, kwenye kifundo cha mkono, kisha mkono wa pili ukaja ukashika juu ya ule wa kwanza. Binti akapanda miguu yake kwenye tope, akavuta. Shangazi alikuwa mzito na hakujifanya mwepesi. Aliinuka kidogo, akarudi, akainuka tena, mpaka akasimama.

Hawakuachiana. Sindano alianza kutetemeka kuanzia magotini, akatetemeka mwili mzima kama mtu aliyetoka mtoni, na kilio kikamtoka kwa sauti nene ambayo haikufanana na yeye.

"Sikumwachia, Shangazi."

"Najua."

"Mkono uliteleza."

"Ndiyo, mwanangu. Uliteleza."

Wakakaa ukingoni mwa hodhi wakiwa wamelowa mpaka kutetemeka kukaisha kwenyewe. Fundi viatu alikuwa ameugeuzia ua mgongo na kupigilia soli moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Mshauri aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge cha Shangazi. Akasema aliposema amfuate alimaanisha mwendo wake, sio upande wa kusokota. Kisha akawa mtulivu, akasema kwamba hata yeye amejifunza namna ya kulisema neno lake vizuri zaidi, na akamwomba Sindano amweleze yeye mwenyewe, polepole, ni nini mikono yake ilisikia pale iliporudi kushika. Sindano alifikiri. Akasema ilisikia uzito. Mshauri akamwambia aendelee kuupa mwili uzito wa namna hiyo, na asishangae kukiwa na siku mbaya, maana zitakuwepo. Zilikuwepo kweli. Kuna asubuhi mikono ilirudi kwapani bila sababu ya kuonekana, na Shangazi alipachika blanketi kwenye kulabu, akaimba, akangoja kesho.

Alasiri moja ya jua wifi alimleta Kijiko wakati hodhi bado limejaa povu. Mtoto hakuomba ruhusa ya mtu. Alivua kandambili akajitosa, povu likamfika kiunoni, na akaanza kukanyaga kwa nguvu zake zote, akiimba wimbo wa Shangazi kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, mengi yakiwa ya chakula. Sindano aliingia upande wa pili. Shangazi na wifi walikuwa kwenye kamba ya kuanikia, wakajifanya wanahangaika na vibanio.

Kijiko akapoteza mwelekeo, akayumba. Sindano akamdaka mkono. Povu likawaachanisha, mtoto akakaa chini kwa kishindo, maji yakaruka.

Wifi alipiga hatua. Shangazi akamshika gauni.

Kijiko alitoa kichwa kwenye povu akicheka. "Tena, mama," akasema, akanyoosha mkono.

Sindano alikuwa amebana pumzi. Shangazi aliona kifua kimesimama, akasema na Mungu wake kwa haraka. Kisha pumzi ikashuka. Sindano aliinama akamshika mtoto kwenye kifundo cha mkono, kama alivyomshika Shangazi kwenye tope, akamnyanyua. Mtoto akajiangusha makusudi. Akamnyanyua. Akajiangusha tena. Mchezo huo uliendelea mpaka wote wawili wakawa na vidole vilivyojikunja kwa maji, na wifi, ambaye kwa kawaida hakuwa na subira na upuuzi, alisimama na kibanio mkononi, akasahau alikuwa anabana nini.

Wakati wa kuondoka Kijiko aliitazama mikono ya mama yake pande zote mbili, kama daktari. Akamwambia bibi yake kwamba sasa imeamka, ila bado ina usingizi kidogo.

Wifi alisafiri na mizigo yake, bila mjukuu.

Siku shule zilipofunguliwa Shangazi aliwasindikiza mpaka getini tu. Miguu ilitaka kuendelea, akaikataza. Kutoka pale aliiona barabara kuu yote. Sindano na Kijiko walisimama ukingoni mwa lami, sare mpya ya mtoto ikimfika karibu na vifundo vya miguu, kwa sababu mama yake alikuwa ameishona mwenyewe na kumwachia nafasi ya kukua. Lori likapita, vumbi likawafunika. Shangazi alikaza vidole kwenye chuma cha geti. Vumbi lilipotulia, mkono wa Sindano ulikuwa umekishika kifundo cha mkono wa mtoto, umekaza, na Kijiko alikuwa akimwambia jambo, pengine la chakula. Sindano alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena. Wakavuka. Ng'ambo ya pili hakumwachia mara moja.

Shangazi alirudi uani akifuta uso kwa ncha ya kitenge. Lile blanketi kubwa la rangi ya udongo lilikuwa limerudi tena kutoka nyumba ya wageni, limeshasuuzwa, linangoja hodhini. Aliitazama kulabu kwenye nguzo. Kisha akamwita fundi viatu, akamwambia aache viatu vya watu kidogo aje ashike ncha ile, maana Sindano atachelewa kurudi.

Fundi alikuja akikunja mikono ya shati lake, ambalo lilikuwa limenyooshwa vizuri, kwani siku hizo Sindano alikuwa amekubali pasi itoke kabatini mradi makaa yawashwe nje ya geti. Akashika ncha. Shangazi akaanza kusokota. Fundi aliitazama mikono ya Shangazi kwa heshima na adabu zote, akaenda upande uleule anaokwenda yeye. Blanketi likazunguka zima zima.

"Fundi," Shangazi akasema, "usinifuate."

"Nifanye nini basi, mama?"

"Simama imara, shika kwa juu, nenda upande wako. Na likikuchomoka, usiende mbali."

Maji yakaanza kushuka.